Solomoni Lerionka, Mpokea Mbuzi wa Themi Juu

Leo Jumapili, tarehe 28 Desemba 1913, Bwana Solomoni Lerionka anastaafu kazi ya kupokea sadaka katika usharika wetu wa Themi Juu, baada ya kuifanya kwa miaka minane. Wapo watakaosema miaka minane si mingi. Hao hawajawahi kupokea sadaka hapa. Aliyemtangulia aliacha kazi siku alipoletewa mzinga wa asali ambao mtoaji aliapa kuwa umejaa, na kweli ulikuwa umejaa, asali pamoja na wenyewe. Aliyekuwapo kabla ya huyo alikutana na beberu wa Mzee Sumari mlangoni pa kanisa, na kesho yake akaomba apewe kazi ya kufagia. Kwa hiyo Bwana Lerionka ni mkongwe, na anastahili wasifu mrefu.

Wazee wa kanisa wamenipa mimi, Sifael, mwalimu wa shule, niuandike wasifu huu, usomwe kabla ya wimbo wa mwisho kisha ubandikwe mlangoni. Wamenichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, darasa langu na banda la sadaka vinatenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, na ukuta wenyewe una matundu, hivyo hakuna mtu aliyeisikia na kuinusa kazi ya Bwana Lerionka kunishinda. Ya pili, mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, si Mwarusha, na wanadhani kwa hiyo nitamwandika bila upendeleo. Wamekosea. Mtu huyu nampenda sana na nitampendelea mpaka mwisho wa karatasi.

Bwana Lerionka alizaliwa upande huu wa mlima, magharibi, katika boma lenye ng'ombe wengi na maneno machache. Ujana wake aliumaliza kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake, na kidogo kwa kubeba mawe kule mjini bomani kwa Wajerumani, kazi ambayo haisimulii hata ukimpa maziwa. Alibatizwa miongoni mwa wa kwanza hapa kwetu, akapewa jina la Solomoni. Jina hilo ni zuri sana na bado ni jipya kabisa, maana ukimwondoa Mchungaji hakuna aliyewahi kulitumia. Kwa nini halikutumika ndiyo habari yenyewe ya wasifu huu, nami nitaieleza kwa utaratibu, ili hata mgeni aliyepita njiani akaingia kujikinga na mvua aelewe.

Katika usharika wetu, anayetoa hela au rupia ni wa kutazamwa. Mwenye rupia anaitunzia kodi ya kibanda, na hawezi kulaumiwa. Basi watu wanamtolea Mungu walicho nacho: ndizi, mayai, vibuyu vya maziwa, kuku, kondoo, mbuzi. Bwana Lerionka alisimama kushoto kwa mlango, akapokea kila kitu kwa mkono wake na kushukuru, akakiingiza bandani. Jumatatu alfajiri aliwashusha wanyama mpaka mjini kwa Bwana Hatibu, mfanyabiashara mwenye asili ya Pangani, ambaye duka lake halipo mbali na boma. Bwana Hatibu alinunua, fedha zikapandishwa, zikatumbukizwa katika sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao Mchungaji, wa pili wanao wazee. Bwana Lerionka hakuwa na ufunguo wowote, na alisema kila mara kuwa hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyompa usingizi.

Bwana Hatibu, ambaye ni Mwislamu safi na leo ametuma salamu pamoja na kifuko cha chumvi, anasema katika biashara yake yote hajapata kubishana na mtu kama huyu. Bwana Lerionka alikuwa akimsifu mbuzi wa kanisa mpaka mbuzi mwenyewe anainua kichwa. Alisimulia ukoo wake, tabia za mama yake, na malisho aliyokulia. Bwana Hatibu anakiri kwamba siku moja alijikuta amenunua kondoo kilema kwa bei ya dume mzima, akamshukuru Bwana Lerionka kwa kumfikiria. Bati mnaloliona juu ya vichwa vyenu na kengele iliyowaamsha leo vimetokana na midomo hiyo.

Sasa nije kwenye jina. Kwa Waarusha, kama kwa ndugu zao Wamasai, ukimpa mtu mbuzi, hamuitani tena kwa majina. Yeye anakuita Pakine, nawe unamwita Pakine, yaani mwenzangu wa mbuzi. Ukimpa kondoo, mnaitana Paker. Ukimpa ng'ombe, Pakiteng. Na jina hilo si pambo. Pakine wako akija na shida, hakataliwi. Wewe ukiwa na shida, unakwenda kwake, naye hawezi kusema hayupo. Mbuzi anaweza kuwa ameliwa zamani na ngozi yake imeshachakaa, lakini jina linabaki na haki yake inabaki.

Mchungaji wetu, Bwana Wessel, hakulijua jambo hili, kwa kuwa kwao Ujerumani mtu akikupa mbuzi unasema asante na mambo yanaishia hapo. Alimwambia Bwana Lerionka apokee kila sadaka kwa mkono wake mwenyewe, kwa uchangamfu. Bwana Lerionka alijua vizuri maana ya agizo hilo. Akalifuata kwa mkono wake mwenyewe, kwa uchangamfu.

Wa kwanza alikuwa Koko Resiato, bibi yetu sote, ambaye leo ameketi mbele kama kawaida na ninamwomba asinisahihishe mpaka nimalize. Alimletea mbuzi mwekundu, akaiweka kamba mkononi mwake, akasema kwa sauti ya kufika mtoni, "Pakine!" Naye akamjibu, "Pakine!" Mchungaji alikuwa karibu, akafurahi sana. Alidhani hilo ndilo neno la Kiarusha la baraka. Jumapili iliyofuata alifungua ibada kwa kuinua mikono yote miwili na kutuambia, "Pakine!" Watu wetu wana adabu, wakamwitikia. Ilikwenda hivyo Jumapili hadi Jumapili, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, mpaka watu watatu walipokwenda nyumbani kwake juma moja kumwomba chumvi, blanketi, na ndama, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewaita hivyo mbele ya mashahidi. Mchungaji ameniruhusu niandike habari hii, baada ya kufikiri kwa muda.

Haikupita miaka miwili, Bwana Lerionka akawa hana jina. Walioleta mbuzi walimwita Pakine, walioleta kondoo walimwita Paker, na kwa kuwa jina ni la pande zote mbili, naye aliwaita hivyo hivyo. Akisimama mlangoni na kuita "Pakine!" ili mtu mmoja arudi kuchukua kibuyu chake, nusu ya kanisa iligeuka na nusu nyingine ikaona wivu. Ubatizo mmoja ulichelewa kwa sababu hiyo, maana alimwita baba wa mtoto aje mbele, wakaja baba kumi na mmoja na bibi mmoja.

Siwezi kuiacha habari ya Bwana Lemburis, jirani yake. Yeye kwa utani alimleta kanisani punda mzee asiyefaa kwa chochote, akamkabidhi kwa heshima zote, ili tangu siku hiyo amwite Bwana Lerionka Pasikiria, yaani mwenzangu wa punda. Siku ya soko alisimama upande mmoja akapaza sauti, "Pasikiria, hujambo!" Watu wakacheka. Alichosahau ni kwamba jina linakwenda na kurudi. Bwana Lerionka akamjibu kutoka upande wa pili, kwa furaha na kwa sauti kubwa zaidi, "Sijambo, Pasikiria! Wa nyumbani?" Mpaka leo hii Bwana Lemburis anaitwa hivyo na watoto wa shule yangu, nami nawakataza kwa mdomo tu.

Lakini pamoja na majina zilikuja shida za wenye majina. Simel alikuwa anaoa na hakuwa na kondoo wa mafuta kwa ajili ya arusi. Alikwenda kwa Pakine wake. Simaloi alijifungua pacha na ng'ombe wake hakuwa na maziwa. Alikwenda kwa Paker wake. Mwingine mbuzi wake waliliwa na chui, mwingine walikufa kwa ugonjwa, mwingine alisema tu kuwa amepita njiani na amesikia harufu ya nyama. Wote walipokelewa. Na hapa nataka msikie vizuri, hasa ninyi vijana mtakaoshika kazi za kanisa siku zijazo: katika miaka yote hiyo Bwana Lerionka hakumgusa hata mbuzi mmoja wa bandani. Alisema wale ni wa Mungu na wameshapata safari yao ya Jumatatu. Aliwapa watu kutoka katika zizi lake mwenyewe, zizi alilorithi kwa baba yake, mnyama mmoja baada ya mwingine, huku akisimama mlangoni kila Jumapili kupokea majina mapya.

Mchungaji wakati huo aliwaandikia ndugu zake Ulaya kwamba hajapata kuona watu wanaotoa bila kudai chochote kama watu wa Mlima Meru. Ilikuwa kweli. Kwa kanisa hawakudai chochote. Walidai kwa Bwana Lerionka.

Iligundulika siku Mchungaji alipomtembelea nyumbani bila taarifa, akamkuta anagawa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, kwa wageni wengi kuliko waliokuja kanisani juma lile. Akauliza kulikoni, akaelezwa. Mchungaji alikaa chini juu ya kinu. Jumapili iliyofuata alihubiri kwa muda mrefu sana kwamba anayemtolea Mungu asingoje kurudishiwa, na kwamba sadaka si ya Bwana Lerionka bali ni ya Bwana mwenyewe. Kisha akatoa amri. Kuanzia siku ile, hakuna kuweka kamba mkononi mwa mtu. Kila sadaka, ya aina yoyote ile, iwekwe juu ya meza ya Bwana, mbele, na isipitie mkononi mwa mwanadamu.

Nadhani Mchungaji, alipotoa amri hiyo, alikuwa anafikiria mayai.

Mbuzi wa Simaloi alikuwa wa kwanza. Alipandishwa mezani na watu wanne, akasimama pale juu akatutazama kama mtu anayetaka kutoa matangazo. Kisha akaanza kukila kitambaa cha meza, kile cheupe chenye maua kilichofumwa na mama mkwe wa Mchungaji kwa miaka miwili na kuletwa kwa meli. Alianzia kwenye maua. Kondoo wa mtu mwingine alipopandishwa, mbuzi hakukubali kushirikiana naye meza, wakapigana vichwa, na mguu mmoja wa meza ukasalimu amri. Kuku walikuwa tayari darini. Kwaya iliendelea kuimba kwa ujasiri, na napenda kuipongeza hapa, ingawa sauti ya tatu ilikuwa imekaa nje.

Katika kelele hizo Koko Resiato alikuwa ametulia, anafikiri. Alikuwa na mbuzi wake wa pili siku hiyo. Alihesabu mambo hivi: kama mbuzi hampi Lerionka, na kama hapiti mkononi mwa mtu, basi amempa Mungu moja kwa moja. Akamweka juu ya kile kilichobaki cha meza, akanyoosha mgongo, akainua uso, akasema, "Pakine uliye juu! Ni mimi Resiato. Mbuzi umemwona mwenyewe. Sasa tuongee habari ya mvua."

Kanisa zima lilimgeukia, hata mbuzi. Ulikuwa mwaka wa ukame, mtakumbuka, na migomba ilikuwa imekunja majani. Jumanne mvua ikanyesha.

Sitaki kuingilia mambo ya teolojia, mimi ni mwalimu wa hesabu na kuandika. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumapili iliyofuata mbuzi walijaa mpaka barabarani, kila mmoja na mwenye shida yake. Yule aliyetaka mume alikuwapo. Yule aliyetaka mume arudi alikokuwa alikuwapo pia. Wengine walijibiwa, wengine bado. Ambao bado walikaa wakashauriana, wakaona si vizuri kumsumbua Mungu mara mbili kwa jambo moja, afadhali waende kwa mtu wake wa mbuzi aliye karibu. Wakaenda kwa Bwana Lerionka. Juma la tatu Mchungaji aliondoa amri yake, meza ikatengenezwa, na kamba zikarudi mkononi mwa mwenyewe. Jioni ile nilimsikia Mchungaji akicheka peke yake ndani ya ofisi, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka, nami nikampenda zaidi tangu hapo.

Nimemsifu mume, na sasa ni zamu ya mke. Mama Nanyori ni mwanamke mwenye akili nyingi na sauti ndogo. Alijaribu kila njia kuliokoa zizi lake. Alimwambia mumewe akatae. Akakubali kukataa, na mgeni alipofika akampa mbuzi wawili kwa kuona aibu ya mawazo yake. Alimficha dume mmoja ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda. Dume akalia wakati wa maombi. Aliwaambia wageni kuwa mume amesafiri kwenda Moshi. Mgeni alipaza sauti uani, "Pakine!" na kutoka nyuma ya migomba mume akaitikia, "Pakine!" maana mtu huyu akiitwa hivyo hawezi kunyamaza, awe Moshi au kaburini.

Mama Nanyori mwenyewe, kwa miaka yote, alitoa mayai. Kila Jumapili mayai, yamefungwa vizuri katika jani. Wengine walimcheka kuwa mke wa mpokea sadaka analeta mayai tu. Hawakujua hesabu yake. Mayai hayana jina. Mtu akikupa yai hamwi wenza wa kitu chochote, na Mama Nanyori hakutaka kumwongezea mumewe mwenza hata mmoja.

Mwaka huu ulipofika mwezi wa kumi, zizi la Bwana Lerionka lilikuwa na mbuzi mmoja. Mbuzi jike, mweusi, sikio moja jeupe. Ninyi mnajua, wala sihitaji kuwaeleza, mtu mzima wa Kiarusha asiye na mnyama anavyotazamwa akikaa na wenzake. Anapewa nafasi ya kukaa lakini haulizwi neno. Bwana Lerionka hakulalamika. Alianza tu kupita njia ya nyuma akirudi nyumbani, asionane na wazee wa rika lake, na mimi nilipomwona akipita njia hiyo niliumia.

Jumapili ya kwanza ya majilio, tarehe thelathini ya mwezi uliopita, watu walipanga mstari wa sadaka kama kawaida. Mama Nanyori alikuwa katikati ya mstari. Hakuwa na mayai. Alikuwa na yule mbuzi mweusi mwenye sikio jeupe.

Bwana Lerionka alimwona kutoka mbali na uso wake ukabadilika. Mstari ukasogea. Kazi ni kazi, hawezi kumkataza mtu kumtolea Mungu. Mama Nanyori alipofika mbele yake, aliiweka kamba mkononi mwake polepole, akamtazama machoni, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Pakine."

Nilikuwa nimesimama karibu. Mke wake mwenyewe! Bwana Lerionka alitazama kamba, akamtazama mkewe, na nimeshawaambia, akiitwa hawezi kunyamaza. Akajibu, "Pakine."

Mama Nanyori hakungoja kwenda nyumbani. "Pakine," akasema, "nimekuja na shida. Nina mume mzuri, lakini ameshagawa vyote, sasa amebaki kugawa mlango. Nakuomba umwambie aache kazi hii arudi nyumbani. Mimi nikimwambia hasikii. Wewe ni mwenzangu wa mbuzi, huwezi kunikatalia."

Watu walicheka mpaka vumbi likapanda. Koko Resiato alipiga makofi akasema amewahi mno kuzaliwa, angengoja apate maarifa hayo kabla ya kuolewa. Bwana Lerionka alimgeukia Mchungaji kutafuta msaada, na Mchungaji akaangalia bati, akalisoma kama barua. Basi akamgeukia mkewe. Alikuwa anacheka naye, lakini machozi yalikuwa yanashuka, na hakuyafuta kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kamba na mwingine ulikuwa na kuku wa mtu. Akasema, "Sawa, Pakine. Nitamwambia."

Ndivyo alivyostaafu. Nimesikia watu wakisema nje kuwa ameondolewa, au amechoka, au amegombana na wazee. Si kweli. Ameombwa na mtu asiyeweza kukataliwa.

Imebaki habari ya yule mbuzi. Alikuwa ameshatolewa, kwa hiyo alikuwa wa kanisa. Wazee walikaa kikao jioni ile wakakubaliana kwa kauli moja arudishwe zizini kwa mwenyewe, na Mchungaji alikuwa tayari kujifanya hakusikia. Aliyekataa ni Bwana Lerionka. Alisema kila mtu hapa amewahi kutoa mnyama aliyemuuma moyoni, na hakuna aliyerudishiwa, basi mpokeaji asiwe wa kwanza. Jumatatu alimshusha mjini mwenyewe. Bwana Hatibu anasimulia kwamba kwa mara ya kwanza hakumsifu mnyama. Hakutaja ukoo wake wala malisho yake. Alipokea bei aliyotajiwa, akaileta sandukuni yote, akapita njia ya nyuma kwenda nyumbani.

Kuanzia mwaka mpya sadaka zitapokelewa na Mchungaji mwenyewe, kwa mkono wake na kwa uchangamfu. Alijitolea bila kulazimishwa, akisema imefika zamu yake. Mke wake ameanza kuhesabu sahani. Nawaomba msimhurumie.

Bwana Lerionka, kwa niaba ya usharika wote tunakushukuru. Umesimama mlangoni petu miaka minane, mvua na jua, ukipigwa pembe na kudonolewa, na hakuna hata hela moja iliyopotea njiani, wala hakuna mwenye shida aliyerudi kwake mikono mitupu. Mama Nanyori, tunakushukuru kwa uvumilivu na tunaogopa akili zako. Tunawatakia nyote wawili miaka mingi ya kukaa uani, maziwa yasiyoisha, na wageni wanaokuja wameshakula.

Nami nina neno langu. Mimi wa Nkoaranga nimeishi nanyi muda wote huu nikitoa ndizi. Ndizi nazo hazina jina. Kila Jumapili nimesikia watu wakiitana Pakine mlangoni nami nikapita nikisema, "Hujambo, Bwana Lerionka," kama karani wa bomani, na leo nasema wazi kwamba niliona wivu.

Juma lililopita nilishuka mjini kwa Bwana Hatibu. Nilidhani nimechelewa. Lakini alikuwa hajachinja. Alinionyesha mbuzi mweusi mwenye sikio jeupe, amefungwa nyuma ya duka, anakula vizuri kuliko mimi, na akasema alikuwa anangoja mtu yeyote mwenye akili ashuke kutoka mlimani. Hakutaka faida. Aliongeza tu kwamba mbuzi ana mimba, pengine ya pacha, na hapo alianza kunieleza ukoo wake na tabia za mama yake, nikajua amejifunza kwa nani.

Kwa hiyo kelele mliyoisikia tangu mwanzo wa ibada kutoka darasani kwangu si ya watoto. Amekula chaki yote. Wimbo wa mwisho ukiisha, Bwana Lerionka si mpokea sadaka tena, ni mtu tu kama sisi, na mbuzi atakayepewa ni wake, si wa kanisa wala si wa Jumatatu. Nitaiweka kamba mkononi mwake mbele yenu nyote na nitamwita jina ambalo nimelingoja miaka minane.

Na kwa kuwa aliyeitwa hivyo hawezi kukataa, nitamletea shida yangu papo hapo, nisingoje kwenda nyumbani. Nina shida moja tu. Mbuzi huyu usimpe mtu.

Uishi vizuri, Pakine.